Kamera ndogo, saa 300: kurekodi kwa njia ya Wachina huru

Anayetaka kutengeneza filamu za hali halisi kama watengenezaji huru wa China huanza kwa kuuliza anunue kamera gani. Angeanza na kalenda. Mwishoni mwa 1999 Wang Bing aliingia viwanda vya serikali vilivyokuwa vikifa wilayani Tiexi, katika mji wa Shenyang kaskazini-mashariki mwa China, akiwa na kamera ndogo ya DV (video ya kidijitali ya kanda) ya kukodi. Alitoka na saa zipatazo 300, zikazaa filamu ya zaidi ya saa 9. Kamera ile ilimpunguzia gari, taa na kikosi cha kulipwa. Kilichobaki kumgharimu ni muda.

Kwa hiyo piga hesabu mapema. Ukirekodi kwa megabiti 50 kwa sekunde, saa moja hula gigabaiti 22.5, na saa 300 hukaribia terabaiti 7. Nakala mbili ni terabaiti 14, na zisilale nyumba moja: mwaka 2014, tamasha la filamu huru la Beijing lilipozuiwa huko Songzhuang, pembezoni mwa jiji, hifadhi ya filamu ya Li Xianting Film Fund, mfuko uliokuwa ukiliandaa, ilizolewa na polisi. Kila usiku andika nani yuko kwenye faili gani, wapi, dakika ya ngapi. Ukilimbikiza kazi hiyo mwezi mzima, mhariri atatazama kila kitu upya.

Wengi huharibikiwa kwenye sauti. Kiwandani, kamera ikijipangia sauti yenyewe, mashine zikinyamaza hupandisha mvumo wa chumba. Mfanyakazi akifungua mdomo, maneno yake ya kwanza hupasuka. Panga kwa mkono, vilele vya sauti ya msemaji vicheze karibu na desibeli -12 kwenye kipimo cha kamera, na hedifoni usizivue. Mwanga nao una mchezo huohuo. Chuma kilichoyeyuka kikiingia kwenye fremu, kamera hubana mwanga na watu wote wanageuka vivuli. Pima mwanga usoni pa mtu, kisha funga kipimo hapo kisibadilike.

Shenyang wakati wa baridi hushuka chini ya nyuzi -20, na betri huisha upesi. Za akiba zikae mfuko wa ndani, karibu na mwili. Kabla ya kuingia chumba chenye joto, tia kamera kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, uiache humo hadi ipate joto la chumba. Bila hivyo umande hutanda kwenye lenzi. Kamera za kanda zilikuwa zinagoma kabisa.

Mtu akinyamaza, usizime. Hesabu sekunde 30. Mara nyingi hapo ndipo husema lile aliloshindwa kulisema ulipomuuliza, na hata asiposema, mhariri amepata mahali pa kukatia.

Kuhusu kuonyesha: bila muhuri wa idhini filamu haiingii sinema za China, ndiyo maana kazi hizi zilizoea mikahawa, vyuo na nyumba za sanaa. Sheria iliyoanza kutumika Machi 1, 2017 ilibana hata kuzipeleka matamasha ya nje. Hatari ya kuonyesha bila idhini si ya mtengenezaji peke yake, ni ya anayeonekana pia. Zhao Liang, mtengenezaji mwingine huru, alirekodi walalamikaji waliofika Beijing kudai haki, tangu 1996 hadi karibu na 2009. Katika muda kama huo, ruhusa ya siku ya kwanza huchakaa. Muonyeshe mhusika vipande vyake baada ya uhariri, umwombe ruhusa tena, na akikataa uwe na toleo lisilo na uso wake.