Kabla hujapanga ratiba ya wanafunzi wa udaktari, fungua kitabu namba 5

Wadogo zangu mnaoanza kufundisha udaktari huku nyanda za juu, mkipewa kazi ya kupanga mafunzo ya vijana watakaoenda kukaa vituo vya afya, msianzie wodini. Mi nilianzia huko manake ndo nilikofundishwa, nikajaza ratiba magonjwa yanayofika hospitali ya rufaa, yaani yaliyoshindikana kwingine kote, afu mwishoni nikachomeka wiki mbili za fildi. Vijana wakapanda kosta mpaka Rungwe, wakapiga picha kwenye chai, wakarudi. Utalii tu ule.

Nendeni zahanati mkaombe MTUHA (vile vitabu vya serikali vya kumbukumbu za huduma za afya) kitabu namba 5, kile cha kuandikia wagonjwa wa nje, msome miezi mitatu yote (mwandiko mtauvumilia). Mtakutana na kikohozi, presha, tumbo, mgongo wa mtu anayelima viazi kwenye mteremko, na homa ambayo mRDT, kile kipimo cha haraka cha malaria, imesoma hasi na hamna kingine cha kupimia. Hiyo homa peke yake inatosha wiki nzima, manake kijana aliyezoea maabara akifika pale anakimbilia antibayotiki, hajafundishwa kumwambia mama aangalie nini usiku na amrudishe mtoto lini.

Afu muda. Kwa wiki mbili mgonjwa humwoni mara ya pili. Tulipobadilisha, kila mwanafunzi akapewa familia chache awe anazirudia mwaka mzima, kijana mmoja akapata bibi wa presha ambaye kadi yake imeandikwa hafuati dawa, akamfuata kwake, shikamoo bibi, akakaa naye jikoni kwenye moshi wa kuni, ndo anaambiwa kliniki inaangukia siku ya soko na bibi anauza ndizi! Kumbe mbaya ni ratiba yetu.

Kule mwalimu ni tabibu aliyepo, kasoma miaka 3 ya diploma ila nimonia za watoto kaona nyingi kuliko nyie, anahesabu pumzi dakika nzima kwa saa ya mkononi. Muandikeni kama mwalimu na posho apate, sio soda. Na nyie wa Njombe, CTC, ile kliniki ya watu wanaoishi na VVU, msiifanye ziara ya nusu siku, utafiti wa 2022-2023 umewakuta na VVU asilimia 12.7 kwa watu wazima, mnaongoza nchi.

Mtihani nao ubadilike, la sivyo watasoma ya wodini tu. Siku hizi kwenye vitendo tunaweka mtoto mwenye homa, mRDT hasi, na mama anayetaka sindano. Wengi wanaangukia hapo.