Kabla ya kusema hana wito, ulizeni ana wagonjwa wangapi

Mleta mada anasema dada yake ni nesi wa wodini, siku hizi akirudi nyumbani hataki hata kusemeshwa, na ndugu wameanza kunong'ona kwamba hana wito. Nimefanya kazi wodini miaka mingi, na hilo la wito naomba mliweke kando. Mwenye wito ndiye anayeumia zaidi, maana ndiye anayeona yote yaliyoachwa bila kufanywa.

Ulizeni kwanza anahudumia wagonjwa wangapi kwa zamu. Utafiti wa Linda Aiken na wenzake katika hospitali za Pennsylvania, Marekani, uliochapishwa mwaka 2002, ulikuta kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa nesi huendana na ongezeko la asilimia 23 la uwezekano wa nesi huyo kuchoshwa kupindukia na kazi, na asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30 tangu alazwe. Jimbo la California, hukohuko Marekani, waliweka kisheria kikomo cha wagonjwa kwa kila nesi, kikaanza kutumika mwaka 2004. Chumba cha wagonjwa mahututi, nesi mmoja hapewi zaidi ya wawili.

Wagonjwa wakizidi, dawa utatoa, dripu utabadilisha, presha utapima, kwa sababu hayo yana nafasi yake kwenye chati. Atakayekosa ni mzee wa kitanda cha mwisho anayetaka ageuzwe ubavu, au yule anayetaka tu aelezwe kesho anafanyiwa nini. Unampita, unamwambia "nakuja", na moyoni unajua huendi. Ukikabidhi zamu kila kitu kina tiki, lakini ile "nakuja" unaondoka nayo. Kujua lililo sahihi ukazuiwa na mazingira kulitenda kunachosha kuliko kusimama kutwa.

Halafu rosta. Zamu za usiku ni ngumu, hilo halina ubishi, ila mimi kilichokuwa kinanimaliza ni kurukaruka: leo jioni, kesho alfajiri, na siku ya mapumziko simu inaita kwamba kuna mtu hajafika. Nesi anayeijua ratiba yake mapema, na anaruhusiwa kubadilishana na mwenzake, huvumilia mengi.

Mshahara nao una uzito wake, hasa ukichelewa. Lakini nimefanya kazi katika wodi mbili za hospitali moja, mshahara uleule, moja watu wanaomba kuhama, nyingine hawataki kutoka. Tofauti ilikuwa mkuu wa wodi. Huyu wa pili, dawa ikikosewa, aliuliza "ilitokeaje?" kabla ya "nani?", na wodi ikifurika alivaa glavu akaingia kazini nasi. (Semina za kujipenda na kupumua taratibu tumehudhuria pia. Tulirudi tukakuta wagonjwa ni walewale na wameongezeka.)

Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa ya mwaka 2019, limeuweka uchovu huu wa kupindukia kuwa hali itokanayo na kazi, si ugonjwa. Kwa hiyo msimtafutie kasoro ya tabia. Kabla hajaandika barua ya kuacha kazi, aombe kuhamishwa wodi. Ila kama hata siku za mapumziko hapati usingizi, hali chakula na analia bila sababu, hapo amwone daktari, kama ambavyo angemshauri mgonjwa wake.