Maswali ya Wasomaji: Buibui jeusi, picha ya zambarau

SWALI: Shikamoo mjomba. Mimi ni mpiga picha wa harusi hapa Mombasa, na kazi yangu kubwa ni siku ya kupamba, ambako wapiga picha wanaume hawaingii. Kamera yangu ni Leica M8 niliyopewa na baba yangu mdogo, baharia aliyeinunua Hamburg. Alinipa pamoja na lenzi mbili za Summicron f/2, moja ya milimita 35 na nyingine ya milimita 50. Naipenda kwa kuwa ni ndogo na haitishi watu, lakini mambo matatu yamenichosha. Mabuibui meusi hutoka zambarau, tena si yote, baadhi tu. Usiku ukumbini picha zinajaa chenga. Na nikitaka kumchukua bibi harusi na shangazi zake wote, narudi nyuma mpaka mgongo unagusa ukuta na bado hawaenei. Nimeweka akiba. Nichukue M9, M10, au nijikaze hadi M11? Au niachane na kamera hizi ninunue za kawaida kama wenzangu?
Mpiga picha wa kupamba, Mombasa

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana buibui la zambarau nalijua vizuri. Mwaka 2008 nilipiga harusi nzima kwa M8. Nilipopeleka albamu, mama wa bwana harusi aliweka kidole juu ya picha yake akaniuliza, “Hili buibui la rangi ya biringani ni la nani?” Sikuwa na jibu siku ile. Leo ninalo, na nitakupa kwa urefu kwa sababu linakuhusu hata kwenye uamuzi wa kununua.

Kwa wasomaji wasioijua, kamera ya renjifainda, kama hizi za Leica M, haina kioo cha kuruka juu na chini, wala hutazami kupitia lenzi. Unatazama kupitia dirisha dogo kando yake. Katikati ya dirisha kuna kiraka chenye taswira mbili za kitu kimoja, na ukizungusha lenzi mpaka zikalaliana, umefokasi. Kwa kuwa hakuna kioo cha kupisha, lenzi hukaa karibu sana na sensa, kile kibamba cha ndani kinachopokea picha, na mwanga wa pembeni hufika kwa mshazari mkali. M8 ilipotengenezwa, mwaka 2006, Leica waliona kwamba kioo kinene mbele ya sensa kingeharibu ukali wa pembe za picha. Wakaweka chembamba, cha nusu milimita.

Kioo hicho ndicho chenye kazi ya kuzuia miale ya infraredi, ile ambayo jicho haliioni, na kwa wembamba wake kinaiachia ipite. Kitambaa cha nailoni au poliesta kinaweza kuwa cheusi tititi machoni petu huku kikirudisha infraredi kwa wingi. Sensa inaipokea, haijui ni nini, inaiandika kuwa zambarau. Inategemea uzi na rangi iliyotiwa kiwandani, ndiyo maana mabuibui mawili yaliyokaa bega kwa bega, moja linatoka jeusi na jingine biringani. Taa za balbu za zamani huzidisha, kwa sababu zinatoa infraredi nyingi.

Dawa yake ni filta ya kukata UV na infraredi, inayofungwa mbele ya lenzi. Leica walikiri kasoro hiyo na wakawapa wenye M8 filta mbili bila malipo. Huenda ba’mdogo wako alizipata zikabaki kwenye sanduku lake la safari, muulize kabla hujanunua. Angalia kipenyo kilichoandikwa kwenye lenzi zako. Summicron nyingi za f/2 huchukua filta ya milimita 39. Kwa ugonjwa huu wa kwanza, basi, kamera mpya haihitajiki.

Ugonjwa wa pili na wa tatu hauna filta.

Sensa ya M8 ni milimita 27 kwa 18, ndogo kuliko fremu ya filamu ambayo ni 36 kwa 24. Kwa hiyo lenzi yako ya 35 inaona kama ya 47 hivi, na ya 50 inaona kama ya 67. Umekuwa ukipiga harusi za vyumbani bila lenzi pana hata moja, na mgongo wako umekuwa ukilipa. Ukiifunga 35 hiyohiyo kwenye M9, M10 au M11, ambazo zote zina sensa ya fremu kamili, utasimama palepale na panapoenea shangazi sita wataenea wanane. Hilo pekee lingenitosha kununua. Jambo jingine utakaloliona ni mistari ya fremu dirishani: ya M8 imepimwa kwa umbali wa sentimita 70, kwa hiyo ukisimama mbali picha hubeba vitu ambavyo hukuvipanga. Ya M10 imepimwa kwa mita mbili, umbali ambao wewe hufanyia kazi.

Kuhusu chenga: M8 mwisho wake ni ISO 2500, yaani kipimo cha wepesi wa sensa kuona gizani, lakini mimi sikuwahi kuiamini zaidi ya 640. M10 naipandisha hadi 6400 na picha nakabidhi bila wasiwasi. Hiyo ni mara kumi. Pale ambapo ulilazimika kushika shata, lile pazia linaloruhusu mwanga uingie, kwa sekunde 1/8 ukiomba bibi harusi asitikisike, sasa unapiga kwa 1/80, bila flashi, na mwanga wa ukumbi unabaki kama wenyewe walivyoupanga. Kwa siku ya kupamba hili ni kubwa kuliko megapikseli zote. Bibi harusi ameketi na hina yake mbichi mbele ya macho ya watu hata kabla hujainua kamera. Sioni haja ya kummwekea flashi usoni mara mia mbili.

Sasa M9. Ukiiona imetangazwa kwa bei nzuri, tulia kwanza. Ilitoka Septemba 2009, ina megapikseli 18, na rangi zake nzuri bado zinasifiwa. Ili kumaliza ugonjwa wa zambarau walichagua kioo chenye nguvu zaidi ya kuzuia infraredi, na kioo hicho ndicho kikaja kuwa na ugonjwa wake: unyevu unakila. Leica walilikubali tatizo hilo mwaka 2014 na kwa muda wakabadilisha sensa kwa gharama yao, lakini mwaka 2020 walitangaza kwamba sensa za kubadilishia zimekwisha. Fikiria kioo kinachochukia unyevu, kisha ufikirie Mombasa mwezi wa Mei.

Mimi niliumia. Niliuziwa M9 kutoka nje na mtu aliyeniapia kuwa ni safi, nami nikaangalia ngozi, skrini na kitufe, sensa sikuipima. Picha ya kwanza niliyopiga ni ya bahari pale Mama Ngina. Anga lote lilikuwa na vitone vyenye duara jeupe, kama mafuta yaliyodondoka kwenye mchuzi. Nilisafisha sensa mara tatu nikidhani ni vumbi. Hivyo ukishawishika na M9, funga tundu mpaka f/16, piga karatasi nyeupe, ikuze picha uikague pembe hadi pembe. Kisha dai karatasi za Leica zinazoonyesha sensa ilibadilishwa kwa ile mpya. Hazipo? Mrudishie kamera yake.

M iliyotangazwa mwaka 2012, ile inayoitwa 240, ni ya kufikiria kama akiba itapungua. Ina megapikseli 24 na betri yake inakaa sana. Lakini ni nene, milimita 42, na mkono uliozoea M8 ya 37 utalalamika kabla ya wali kupakuliwa.

Chaguo langu kwako ni M10 iliyotumika. Ilitoka Januari 2017, unene wake umerudi karibu na ule wa kamera za filamu, ISO inapangwa kwa gurudumu la juu hata kabla hujaiwasha, na dirisha lake ni pana kiasi kwamba hata anayevaa miwani anaziona pembe. Shata yake ni ya upole. Ile ya M8, pamoja na mota ya kuivuta tena, kila mtu chumbani anajua umepiga. Ukipata M10-P utapata shata ya kimya zaidi, ila usiongeze fedha nyingi kwa ajili hiyo. Bajeti yako itenge betri tatu: ya M10 ni ya 1100 mAh, ndogo, na zile za M8 ulizonazo hazitaingia.

M11 ni kamera nzuri mno. Nimeishika na naisema kwa heshima. Ina megapikseli 60 ambazo waweza kuzishusha ziwe 36 au 18, ndani ina hifadhi ya GB 64, inachajiwa kwa USB-C, na ya rangi nyeusi ina uzito wa gramu 530 tu. Lakini ilipotoka mwaka 2022 bei yake Marekani ilikuwa dola 8,995, mwili mtupu, kabla ya usafiri na ushuru. Tena megapikseli 60 hazisamehe: kiraka kikipotoka unywele mmoja, jicho la bibi harusi halina ukali, na utaliona. Fedha hiyo ya ziada inakununulia lenzi ya 28 au mwaka mzima wa kodi ya studio.

Uliuliza kama uachane na njia hii. Kamera za kisasa za kawaida zinafokasi zenyewe usoni, hata kwenye ngoma ya kasi, na kama kazi yako ingekuwa kukimbizana na chakacha ningekuambia uende huko leo. Lakini umesema kamera yako haitishi watu, na hilo nimelishika. Kwenye dirisha la renjifainda unaona nje ya fremu. Unauona mkono wa somo ukija na kanga kabla haujaingia kwenye picha, unasubiri, unabonyeza unapofika begani. Wewe umeshajifunza kusubiri namna hiyo. Usiache.

Kabla ya kulipa, ipime renjifainda yenyewe. Zungusha lenzi mpaka mwisho wa mbali, elekeza kwenye mlingoti wa meli iliyo mbali baharini; taswira mbili zikose hata uzi kati yao. Halafu laza utepe wa fundi cherehani kwa mshazari, ukiwa mita moja, tundu likiwa f/2, lenga namba moja na uone ni namba ipi iliyotoka kali. Ikipotoka si mwisho wa dunia, inarekebishwa, ila na fundi anayezijua kamera hizi. Asiruhusiwe mtu kuingiza bisibisi kwa kubahatisha.

Na M8 usiuze. Hawatakupa cha maana, na infraredi ile inayoharibu mabuibui huzipa picha za nyeusi na nyeupe ngozi laini yenye mwanga ambayo M10 hainipi. Zile filta zivue unapohamisha lenzi kwenye kamera mpya, maana huko zitakutia rangi ya kijani-buluu pembeni. Iache M8 na lenzi ya 50, M10 na 35, mabega yote mawili yana kazi.

SWALI: Babu ameniachia Leica ya filamu, M3, na lenzi ya 50 inayokunjika kuingia ndani. Je, lenzi hiyo itafunga kwenye M10?
Msomaji, Tanga

JIBU: Itafunga, bila kiungo chochote. Mdomo wa M, pale lenzi inapofungwa, haujabadilika tangu M3 ilipotoka mwaka 1954. Kwanza imulike kwa tochi upande wa nyuma. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui ndani ya vioo, huo ni ukungu, ipelekwe kwa fundi kabla haijakaa karibu na lenzi nyingine. Na ukishaifunga kwenye kamera ya dijitali, ivute nje, ifunge, usiikunje tena mpaka uivue. Ndani ya M3 ilikuwa na nafasi ya kurudi. Kwenye kamera ya dijitali inaweza kugonga vitu vya ndani.