Maswali na majibu: Wadudu, kaa na kamba wa mito yetu ya Kusini

Mwezi uliopita niliandika hapa kuhusu kuujua mto kwa kuwachunguza arithropodi wake, yaani wanyama wa miguu yenye viungo: wadudu, kaa, kamba na jamaa zao. Maswali yamekuja mengi kutoka Lindi na Mtwara, mengine ya darasani, mengine ya jikoni. Nimeyachukua haya. Aliyeuliza kama nyoka wa majini naye anahesabiwa, jibu ni hapana, na tuendelee.

Mwalimu, shikamoo. Siku hizi maji yanapimwa maabara. Ya nini kuhangaika na wadudu? (Msomaji, Lindi mjini)

Marahaba. Chupa unayopeleka maabara inatoa habari za saa ile ulipoijaza. Mtu akimwaga dawa mtoni Jumatatu usiku, nawe ukachota Alhamisi, sumu imeshateremka na majibu yatarudi safi. Lakini tunutu, yaani mtoto wa mdudu anayeishi majini kabla hajaota mbawa, hana pa kukimbilia. Yupo chini ya mawe yale yale kwa wiki, pengine miezi, na kila kilichopita kimempata. Ukimkosa mahali ambapo alikuwepo mwaka jana msimu kama huu, kuna jambo.

Tena hawalingani kwa uvumilivu. Kuna tunutu mmoja bapa, mwenye mikia mitatu na matamvua ya kupumulia yaliyopangwa pembeni mwa tumbo, anayeng'ang'ania juu ya mawe penye maji ya kasi. Hewa ya majini ikipungua, huyo ni wa mwanzo kupotea. Upande wa pili kuna buu jekundu la usubi asiyeuma. Wekundu wake ni himoglobini, ile ile iliyomo kwenye damu yetu, na kwa hiyo anaweza kuishi hata kwenye tope linalonuka. Afrika Kusini wameligeuza jambo hili kuwa mfumo wa alama unaoitwa SASS: kila familia, yaani kundi la wanyama wa ukoo mmoja, inapewa alama kuanzia 1 mpaka 15, na anayestahimili uchafu anapata ndogo. Viluwiluwi vya mbu vina 1, yule bapa wa mawe ana 13. Watafiti wa Tanzania nao wakautengeneza upya uendane na mito ya huku, ukaitwa TARISS.

Ila maabara usiiache. Wadudu hawakuambii kama maji yana vijidudu vya kuhara. Hata mto wenye alama za juu kabisa, maji yake chemsha.

Sisi ni klabu ya sayansi, kidato cha tatu, Masasi. Tunaweza kufanya wenyewe? Vifaa tutapata wapi?

Mnaweza, na vingi mnavyo nyumbani. Wavu wa wataalamu una mdomo wa sentimita 30 kwa 30 na matundu ya milimita 1. Ninyi nunueni wavu wa dirishani, ule unaouzwa kwa mita kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, mshoneni kwenye fremu ya waya mnene, kisha mfungeni kwenye mpini wa jembe. Msitumie chandarua cha kulalia. Vyandarua vingi vimetiwa dawa ya jamii ya pairethroidi, na kazi ya dawa hiyo ni kuua wadudu. Mtakuwa mmewaua mliokwenda kuwahesabu, na wengine ambao hamkuwaona. Ongezeni beseni, kijiko cha plastiki, lenzi ya mkono na daftari. Beseni liwe jeupe kweli. Kwenye la buluu hamtaona kitu.

Mmoja ashike wavu, mdomo wake ukitazama kule maji yanakotoka, na mwenzake avuruge mawe kwa miguu dakika 2 mbele ya wavu huo. Halafu pitisheni wavu kwenye majani na mizizi ya ukingoni, kama mita 2 kwa jumla. Mwisho vurugeni mchanga na tope dakika 1. Kila sehemu iwe na beseni lake, maana wanaoishi kwenye mawe si wanaoishi kwenye majani, na hiyo tofauti yenyewe ndiyo mnayoitafuta.

Mkimwaga kwenye beseni mtaona takataka tupu, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Subirini. Matope yakishatua, takataka zinaanza kutembea. Kijiti kisichozidi punje ya mchele kinatoa kichwa na miguu sita, kinajikokota: huyo amejijengea nyumba ya chembe za mchanga au vipande vya majani, akaziunganisha kwa hariri yake mwenyewe, na kila aendako anaiburura. Kile mlichodhani ni kipande cha jani lililooza, mkikigusa kinafyatuka mbele kwa kusukuma maji kwa nyuma. Huyo ni tunutu wa kereng'ende. Mkimpindua mtaona mdomo wa chini umekunjwa chini ya uso. Anaurusha ghafla kukamata mawindo, hata viluwiluwi.

Andikeni aina, msihangaike kuhesabu vichwa. Majina hata msiyajue: choreni, hesabuni mikia, angalieni matamvua yako wapi. Lipo toleo la wanafunzi la ule mfumo wa Afrika Kusini, linaitwa miniSASS, lenye makundi 13 tu, na linawatosha kabisa kwa kuanzia. Mkimaliza warudisheni majini.

Nendeni kiangazi, kuanzia Juni mpaka Oktoba. Mvua za masika ya huku zinazoa kila kitu, na mkipima siku mbili baada ya mto kufurika mtapata beseni tupu ambalo halina maana yoyote. Vaeni mabuti ya mvua, kwa sababu kichocho kipo na hakiangalii cheti cha mtu. Mwalimu au mzazi awepo. Mto Ruvuma na kila penye mamba, msiingie, hata kwa alama za mtihani.

Konokono nao ni arithropodi? (Msomaji, Ruangwa)

Hapana, hao ni moluska. Ila kwenye kupima mto huandikwa pamoja na wengine, na minyoo na ruba pia. Buibui na kupe wa majini, hao ndiyo, ni arithropodi.

Vijana walipima Lukuledi huku kwetu Nyangao, alama zikawa ndogo, wakatutangazia kwamba mto mchafu. Tunautumia kwa bustani. Tuache?

Kabla ya kuacha, waulizeni walisimama wapi. Hili ndilo kosa linalonikera kuliko yote kwenye kazi hii, na wanaolifanya si vijana peke yao. Mfumo wa alama unawapa daraja la juu wadudu wa mawe na maji ya kasi. Mito yetu mingi ya Kusini, ikishashuka kwenye tambarare, ni mchanga. Mchanga unahama kila mvua, hauna pa kujishika, hauna kijani cha kula kama kilichoko juu ya jiwe. Hata ukiwa safi kabisa, utakuwa na aina chache: mabuu ya usubi, tunutu wanaojifukia, kamba wadogo kwenye majani ya ukingoni. Ukiulinganisha na kijito cha mawe kinachoshuka milimani Morogoro utausingizia.

Linganisheni mto na mto wenyewe. Chagueni sehemu mbili za Lukuledi zenye mchanga unaofanana na majani yanayofanana, moja juu ya makazi na bustani, nyingine chini yake, mpime siku moja kwa namna moja. Mkikuta juu kuna aina kumi na chini zimebaki tatu, tena zote za wavumilivu, hapo mna la kuzungumza na ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini, iko Mtwara. Mkikuta zinalingana, mto wenu ni wa mchanga tu, endeleeni na mchicha.

Na hesabu ya jumla isiwatishe. Angalieni wastani: jumla ya alama gawanya kwa idadi ya familia zilizopatikana. Jumla hupungua mara moja mahali pakiwa na makazi machache ya wadudu. Wastani hautikisiki kirahisi hivyo. Ndugu zangu wa Mingoyo, ninyi mko karibu sana na bahari. Maji ya chumvi yanapopanda, orodha nzima inabadilika, kwa hiyo kwenu huu mfumo msiutumie.

Sisi Tandahimba tuko juu ya uwanda wa Makonde, mto hatuna. Salfa tunayopuliza kwenye mikorosho inawahusu nini hao wadudu?

Salfa yenyewe kidogo sana. Lawama zake ziko zaidi kwenye udongo, kwa kuuongezea tindikali. Mimi naogopa kile kinachofuata, dawa ya mbu wa mikorosho, yule mdudu anayefyonza machipukizi. Nyingi ni za jamii ya pairethroidi, na kwa arithropodi wa majini hizo ni kali kwa kiwango ambacho hata huwezi kukiona wala kukinusa. Kaa, kamba, tunutu, wote wamo, kwa sababu kwa dawa hiyo mbu wa mikorosho na kamba ni ukoo mmoja.

Kuhusu kutokuwa na mto: maji ya uwanda wenu yanazama mchangani na kutokea chini, kwenye chemchemi za pembezoni mwa uwanda, na mvua kubwa inateremsha udongo mpaka mabondeni. Pairethroidi hushikamana na udongo, hivyo safari yake ni ile ya matope. Msioshe bomba la kupulizia kwenye kijito wala kisima, chupa tupu msitupe korongoni, na msipulize mawingu yakiwa yamekaza.

Mvua za kwanza zikinyesha Newala, kereng'ende wanajaa uwanjani kama wameitwa. Wanatoka wapi wakati mto uko mbali?

Wengi wa hao wa rangi ya dhahabu ni *Pantala flavescens*, msafiri kuliko wadudu wote. Mwaka 2009 Charles Anderson, mtaalamu wa viumbe wa baharini aliyeishi Maldivi, alitoa hoja kwamba kereng'ende wanaofika visiwa vile kuanzia Oktoba wanatoka India na kuvuka bahari mpaka Afrika Mashariki, wakibebwa na pepo zilezile zinazoleta mvua. Maldivi karibu haina maji baridi ya juu ya ardhi, ndiyo maana alianza kujiuliza. Wakifika wanataga kwenye madimbwi, na tunutu wao hukua upesi, kama wiki sita hivi, kabla dimbwi halijakauka. Kwa hiyo dimbwi la uwanja wenu wa mpira nalo liingie kwenye orodha. Mkipita pembeni, chungulieni.

Kaa wa mtoni anaenda kuzalia baharini? Na kamba wa Ruvuma je? Tunawala. (Mvuvi, Kilambo)

Kaa hapana. Kaa wa maji baridi haendi popote. Jike hubeba mayai chini ya kile kifuniko cha tumboni, na yanaanguliwa humo humo yakiwa kaa kamili, wadogo sana. Ukimkamata jike ambaye kifuniko ni kipana na kimeinuka kidogo, mfunue: utawaona wamebanana, miguu inatikisika. Huyo mrudishe. Kwa sababu watoto hawasambai na maji kama wa baharini, kaa wa kijito kimoja wakiisha si rahisi waje wengine.

Kamba wakubwa wa mtoni ni kinyume. Wengi wa jamaa ile, *Macrobrachium*, watoto wao wanahitaji maji yenye chumvi kidogo ya mlangoni mwa mto, halafu wanapanda juu wakikua. Ukiweka kizuizi katikati umewakatia njia, hata maji yawe safi namna gani.

Kula, ila kaa aive kabisa. Kaa wa maji baridi asiyeiva anaweza kubeba minyoo bapa ya mapafu. Na kaa ana abiria wengine pia: Kenya watafiti walihangaika kuyatafuta mabuu ya usubi mmoja anayeeneza upofu wa mtoni, kwenye mawe hayapo, kwenye majani hayapo. Mwaka 1950 ikatangazwa kwamba yamekutwa yamejishika kwenye miili ya kaa.

Wazee hutumia utupa kuvulia samaki. Ni mmea tu, una ubaya gani? (Nachingwea)

Sumu ya mmea ni sumu. Ya utupa inazuia seli zisitumie hewa, kwa samaki na kwa wadudu wa majini sawasawa, na haichagui kambale mkubwa ikamwacha mdogo. Sheria ya Uvuvi ya 2003 imekataza kuvua kwa sumu.

Tukipata mdudu ambaye hayumo kwenye kitabu chochote, tumpeleke wapi? (Mwalimu, Ndanda)

Kwanza piga picha akiwa hai, juu na chini, na rula pembeni. Mara nyingi atakuwa anajulikana, ila hayumo kwenye kitabu ulichonacho. Kama bado anakusumbua, mtie mmoja tu kwenye spiriti ya asilimia 70, na wasiliana na Idara ya Zoolojia na Hifadhi ya Wanyamapori ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Anayetaka kukusanya wengi kwa utafiti aulizie kibali mapema, na mgeni wa kutoka nje lazima apitie COSTECH, yaani Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia. Ndani ya chupa weka kikaratasi chenye jina la mto, kijiji, tarehe, na kama alikuwa kwenye jiwe, jani au mchanga. Kiwe ndani, si cha kubandika nje, na kiandikwe kwa penseli, kwa sababu wino unayeyuka kwenye spiriti na utabaki na mdudu asiye na kwao.