Nilitafuta uamsho, nikapewa adui

Watu wangu wa Moshi, mkiniona nanyamaza kila hema jipya la uamsho linaposimamishwa uwanjani, msidhani nimepoa. Nilishaungua.

Kiu yenyewe ilikuwa halali, na mtu asiicheke. Usharika wangu wa Kilutheri ulikuwa umelala. Kuna Jumapili mnada wa ndizi na kuku baada ya ibada ulichangamka kuliko mahubiri. Nilikuwa nauza mitumba soko la Memorial, biashara imedorora, moyo mkavu. Jirani yangu wa meza akaniambia, "Dada, njoo hemani, huko kuna moto." Moto kweli ulikuwepo. Wiki ya kwanza nililia mpaka kanga ikalowa.

Wiki ya tatu mtumishi akanisimamisha mbele. Akasema biashara yangu imefungwa na mwanamke wa ukoo wetu, mtu mzima, anaishi mlimani, hapendi maendeleo yangu. Jamani, Kilimanjaro hii nani hana shangazi wa hivyo? Lakini mimi palepale nilimwona shangazi yangu wa Kibosho. Nikapanda mbegu, ndivyo walivyoita sadaka, ya laki mbili, ada ya mtoto hiyo, nikanunua na chupa ya mafuta ya upako. Nyumbani karatasi yenye picha ya mtumishi ikabanduka, chini yake pana lebo ya mafuta ya alizeti. Hata hapo sikushtuka. Miaka miwili sikumsalimia shangazi.

Kwa hiyo la kwanza ninalokushauri: uamsho ukikuonyesha mchawi wako kabla ya kukuonyesha dhambi yako, chukua kiti chako uondoke. Bibi yangu aliokoka katika ule uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukapita Uganda na Kenya hadi kwetu Tanganyika. Watu wale walikuwa wakikiri na kurudisha vya watu. Yeye alijitwika debe la kahawa, akampelekea jirani ambaye yeye aliwahi kumwibia kahawa shambani usiku. Hakutajiwa mbaya wake na mtu. Alichokumbushwa ni kahawa.

Halafu uliza maswali, uone jibu linavyotoka. Nilimuuliza mhudumu mmoja mbegu zetu zinakwenda wapi, akaniambia nina roho ya upinzani. Paulo, katika Wathesalonike wa Kwanza sura ya 5, anakataza kumzimisha Roho, na mistari miwili mbele anataka mambo yote yajaribiwe. Pale hemani tulisomewa mstari mmoja tu, na kule usharikani kwetu, tuseme ukweli, tulikuwa tunaishi kwa ule mwingine.

Dawa za hospitali usiziache kwa neno la mtu yeyote. Mwaka 2011 magari yalipanga foleni kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Babu, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, kwa shilingi 500, na wapo walioacha dawa za Ukimwi wakafa. Na ukiona watu wanaanza kukimbilia kitu, baki nyuma. Tarehe 1 Februari 2020, hapa hapa Moshi, uwanja wa Majengo, watu 20 walikufa kwenye ibada wakikanyagana ili wakanyage mafuta ya upako. Nilikuwa nimeshatoka hemani, lakini usiku ule sikulala. Najijua, ningekuwa mstari wa mbele.

Sisemi wote ni matapeli. Hema lile lile lilimtoa kijana mmoja wa bodaboda kwenye gongo, na mpaka leo hajairudia. Mungu haniombi mimi ruhusa.

Mimi uamsho ulinijia Jumamosi moja, kwa aibu, napanda Kibosho na jani la isale mkononi. Mchagga akiletewa isale hakatai kusamehe, na kwa kweli hilo ndilo nililolitegemea. Shangazi alikuwa nje, anamenya ndizi za mtori. Nikapiga magoti. Akalipokea jani, akaliweka pembeni juu ya kigoda.

"Nilisikia ni mimi niliyefunga biashara yako," akasema. "Niliifunga kwa kamba gani?"

Sikuwa na jibu. Akanisogezea kisu na mkungu uliobaki.