Mtafute kupe ardhini na ukutani kabla hujamtafuta kwenye mnyama

Ndama wangu wa kwanza alikufa mwezi wa Mei, masika yakiwa yamekolea hapa Tengeru, karibu na Arusha. Alikuwa jike wa miezi mitano, mama yake ng'ombe mzuri wa maziwa. Alianza kwa kukataa majani. Kesho yake nilimpapasa chini ya sikio nikakuta mitoki imevimba, na mwili wote unawaka. Nikadhani ni kifua kwa sababu ya baridi ya usiku, nikamfunika gunia nikangoja. Nilipomwita daktari wa mifugo, povu lilikuwa tayari linamtoka puani. Ilikuwa ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa naogesha ng'ombe wangu dawa ya kupe kila wiki bila kukosa. Daktari hakunilaumu. Aliniuliza swali moja tu: "Mama, haya majani unakata wapi?"

Nilikuwa nakata kando ya njia ya kwenda mtoni, kule ambako ng'ombe wa kijiji kizima hupita asubuhi na jioni. Akaniomba shuka jeupe, akalitandaza chini, akachukua fungu la majani kutoka kwenye lundo lililokuwa karibu na hori, akalikung'uta juu yake. Tukasubiri kidogo. Vidoa vya kahawia, vidogo kama punje za ufuta, vikaanza kutembea juu ya shuka. "Unamwogesha ng'ombe Jumamosi," akasema, "halafu Jumapili unamletea kupe mezani."

Miaka minne imepita. Bado ninafuga ng'ombe wawili wa ndani, mbwa wawili na kuku wa kienyeji, wote kwenye uwanja mmoja usiofika nusu eka. Dawa ya dukani sijaitupa, na mbele nitaeleza kwa nini. Lakini siku hizi naitumia kwa nadra, kwa sababu kazi kubwa naifanya kwa fyekeo, fagio, maji ya moto na vidole vyangu.

Inafaa kwanza kumjua kupe anaishije. Yule tunayemwona amevimba kama maharage kwenye sikio la ng'ombe ni jike anayekaribia kumaliza maisha yake. Akishiba anaanguka, anajificha penye giza na unyevu, anataga mayai maelfu kwa mkupuo mmoja, kisha anakufa. Watoto wanaoanguliwa wana miguu sita. Wanapanda kwenye ncha za majani, wananyoosha miguu ya mbele na kungoja joto na pumzi ya mnyama anayepita. Kupe wa kahawia wa masikioni, yule anayeleta ndigana kali, hupanda mnyama mara tatu katika maisha yake: akiwa mtoto, akiwa tunutu (yaani kupe kijana ambaye bado hajakomaa), na akiwa mzima. Kila akishiba anaanguka tena, anajivua gamba ardhini, anaanza kungoja upya. Kwa hiyo siku anazokaa mwilini mwa mnyama ni chache sana ukilinganisha na miezi anayokaa uwanjani kwako. Ukiogesha ng'ombe peke yake unawaua waliopo juu siku hiyo, na walio chini wanaendelea kusubiri zamu yao.

Jambo jingine alilonieleza daktari ndilo lililobadilisha kabisa utaratibu wangu. Mtoto wa kupe huyu hazaliwi na vijidudu vya ndigana kali. Anavipata kwa kunyonya ng'ombe mwenye navyo, kisha anavipeleka kwa mnyama mwingine akifika hatua inayofuata ya ukuaji. Na hata akishang'ata, kwa kawaida vijidudu huchukua siku tatu au nne kukomaa kwenye tezi za mate yake kabla ya kuingia kwa ng'ombe. Maana yake, mwenye ng'ombe wawili ambaye anapapasa masikio kila siku ana nafasi kubwa ya kumng'oa kupe kabla hajaleta madhara. Mwenye ng'ombe mia mbili porini hawezi, yeye anahitaji josho. Sisi wa uwanjani tunaweza.

Sasa kila jioni, baada ya kukamua, napitisha mkono ndani ya masikio, chini ya mkia, kwenye mapaja na kuzunguka kiwele. Ng'ombe wamezoea, wananisogezea vichwa. Kupe namshika kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, namvuta taratibu na moja kwa moja, bila kumzungusha. Simpasui kwa kucha, kwa kuwa damu yake ina vijidudu na vidole vyangu mara nyingi vina mikwaruzo. Namdumbukiza kwenye kopo la spiriti lenye kifuniko. Maji matupu hayamuui. Anaweza kukaa humo siku kadhaa akatoka mzima.

Majani ndiyo yalinigharimu jasho. Niliacha kabisa kukata njia ya mtoni. Nimepanda mabingobingo yangu nyuma ya nyumba, sehemu ambayo ng'ombe hawakanyagi wala mbwa hawalali, na hiyo peke yake imepunguza kupe kuliko kitu kingine chochote nilichofanya. Kiangazi mabingobingo yakipungua nikalazimika kukata kwingine, nakata jua likiwa kali, nayatandaza juani mpaka kesho yake na kuyageuza mara mbili tatu ndipo yaingie bandani. Kupe, hasa wale wadogo, huogopa ukavu kuliko kitu chochote, kwani miili yao hupoteza maji upesi. Jua la saa sita juu ya majani yaliyotandazwa vizuri linafanya kazi ambayo ningeilipia dukani.

Kwa sababu hiyohiyo nafyeka uwanja wote mpaka chini kila baada ya wiki mbili wakati wa mvua. Ua wangu ni wa michongoma, na chini yake palikuwa na kivuli kizito, majani makavu yaliyooza na mashimo ya panya. Panya na wanyama wengine wadogo huwanyonyesha kupe wachanga, kwa hiyo lile lundo lilikuwa kitalu. Nimekata matawi ya chini hadi usawa wa goti ili mwanga upite, nikaondoa takataka zote. Mume wangu alisikitika, alisema ua umekuwa kama mtu aliyekunja suruali. Lakini mwanga unapita, na ardhi pale chini sasa ni kavu.

Ukitaka kujua kama kazi yako inaleta matunda, fanya kama daktari alivyonifundisha. Chukua kipande cha kitambaa cheupe kizito, kama shuka la zamani, ulifunge kwenye fimbo na ulikokote polepole juu ya nyasi asubuhi umande ukishakauka. Kila hatua kumi ligeuze, uhesabu. Mwaka wa kwanza nilikuwa naacha kuhesabu kwa kuchoka. Siku hizi nikizunguka uwanja mzima napata wawili watatu, na mara nyingine sipati hata mmoja.

Mbwa wana kupe wa aina nyingine, na hapa wengi tunakosea. Kupe wa mbwa hapendi sana nyasi, anapenda nyumba. Jike akishashiba anashuka kutoka kwa mbwa na kupanda ukuta kutafuta ufa wa kutagia. Mimi nililijua hili usiku mmoja umeme ulipokatika, nikaenda kwenye banda la mbwa na tochi. Ukutani, nyuma ya mlango, kulikuwa na kupe walionona wakipanda mmoja nyuma ya mwingine kuelekea kwenye paa. Nilikuwa nimehangaika na mbwa wale miezi mitatu, nawaogesha, nawachana, na kupe wanarudi kila wiki kana kwamba nawapanda. Banda lilikuwa la mbao kuukuu zenye nyufa mia. Kupe wa mbwa aliyekomaa anaweza kukaa ndani ya ufa miezi mingi bila kula, kwa hiyo hata ukimwondoa mbwa kwa muda hujamaliza kitu.

Nililichoma lile banda lote. Jipya limejengwa kwa tofali, limepigwa lipu laini ndani na nje na kupakwa chokaa, ambayo inaziba hata vijitundu vidogo. Sakafu ni ya saruji. Matandiko ni magunia mawili yanayopokezana: moja linatumika, jingine limechemshwa na linakauka juani. Kila Jumamosi namwaga maji yanayochemka kwenye kona na kwenye maungio ya sakafu na ukuta, wakati mbwa wamefungwa mbali. Na mara mbili kwa wiki bado napita na tochi saa mbili usiku, kwa sababu ukimkamata jike mmoja kabla hajataga umezuia maelfu. Ilichukua karibu miezi mitatu kabla mbwa hawajawa safi. Nakuambia hivyo ili usikate tamaa wiki ya tatu, maana mayai yaliyokwisha kutagwa yataendelea kuanguliwa hata kama wewe hukosei.

Kuku wangu wananisaidia, na nawapenda kwa hilo. Asubuhi ng'ombe wakiwa wamelala wanacheua, kuku huwazunguka na kuwadonoa kupe tumboni na kwenye mapaja, na ng'ombe hatikisiki. Kule mbugani ndege aitwaye shashi hufanya kazi hiyo mgongoni mwa nyati na twiga. Ila usifuge kuku ukadhani umemaliza. Hawafiki ndani ya sikio, na wao wenyewe wana kupe wao, anayejificha mchana kwenye nyufa za banda na kuwanyonya usiku. Banda lao nalitunza kama la mbwa: lipu, chokaa, vitulio vinavyotolewa na kumwagiwa maji ya moto.

Dawa za majani nimezijaribu nyingi. Mama mkwe wangu, mzaliwa wa Njombe, alinifundisha kutumia utupa: majani yanatwangwa, yanalowekwa usiku kucha, yanachujwa, kisha ng'ombe anapakwa kwa kitambaa. Unafanya kazi kweli. Lakini kumbuka utupa ni ule ule unaotumika kuua samaki mtoni, kwa hiyo mabaki yake usiyamwage kwenye mfereji wala karibu na bwawa, na usiuache mikononi mwa watoto. Pareto nayo inaua wadudu vizuri, ila jua huipunguza nguvu upesi, kwa hiyo ipulize jioni. Mwarobaini nimeupulizia kwenye kuta na mazingira ya banda. Unafukuza zaidi kuliko kuua, na mimi nauhesabu kama msaidizi tu. Jivu la jikoni naliweka kwenye mashimo na chini ya ua, silipaki kwenye ngozi ya mnyama kwa sababu linamchubua.

Yako mambo ambayo nakusihi usiyafanye kabisa. Usimpake mbwa oili chafu ya gari wala mafuta ya taa. Anajilamba, anaungua ngozi, na anameza sumu. Usimlishe mbwa vitunguu, viwe maji au saumu, eti damu yake iwachukize kupe, kwani vitunguu vinaharibu chembe zake za damu. Usiloweke tumbaku ukamwogeshea mnyama, sumu yake inapita kwenye ngozi. Na dawa ya mbwa usimpake paka, kwani baadhi yake humuua.

Kuhusu dawa ya dukani: ninayo, na naitumia kupe wanapozidi au ninaponunua ng'ombe mgeni, ambaye pia namtenga kwanza kabla hajachanganyika na wengine. Nikiitumia napima kwa kikombe chake kama kibandiko kinavyoelekeza. Zamani nilikuwa naizimua ili idumu, na huko ni kuwafundisha kupe kuizoea. Ndama wote wanaozaliwa kwangu sasa wanapata chanjo ya ndigana kali, ile iliyoanzia Muguga kule Kenya, inayochomwa mara moja pamoja na kiuavijasumu cha muda mrefu. Si rahisi kwa bei, lakini nimeshamzika ndama, najua bei yake pia. Na ukiona mitoki imevimba na homa, au mkojo umekuwa mwekundu, acha majani yote haya niliyoyataja umpigie daktari siku hiyo hiyo.

Hata sisi wenyewe tunang'atwa. Ukiona kidonda chenye kigaga cheusi mguuni na homa inayofuata, mwambie daktari kwamba unafuga na kwamba uling'atwa na kupe, usisubiri akuulize. Wenzetu wa Dodoma na kwingineko kwenye nyumba za udongo wanaijua homa ya papasi, na papasi ni jamaa wa kupe. Yeye ni mbaya zaidi kwa jambo moja: Robert Koch, mtaalamu wa Kijerumani wa vijidudu vya magonjwa, alipokuwa huku mwaka 1905 alionyesha kwamba vijidudu vya homa hiyo hupita mpaka kwenye mayai yake, kwa hiyo watoto wake huanguliwa navyo tayari. Pale pia wa kushughulikiwa ni sakafu na nyufa za ukuta.

Kama unataka kuanza, anza Februari kabla masika hayajafika. Fyeka, ziba nyufa, inua ua, tafuta shuka jeupe. Ukingoja mpaka mvua za Aprili utakuta wameshapanda kwenye ncha za majani.