Ukiwapeleka wakwe kula Kihabeshi, anza na sinia la mboga

Dada mmoja msomaji ameniandikia kutoka Eastleigh. Anataka kuwapeleka wakwe zake wakale chakula cha Kihabeshi, yaani cha Ethiopia, sikukuu ijayo, na anaogopa kuaibika. Nakuelewa, dada. Mama yangu alipokuja Nairobi kutoka Mombasa nilimpeleka mkahawa wa Kihabeshi kule Kilimani pamoja na watoto na wifi yangu, na mpaka leo najivunia mchana ule.

Usianze na nyama. Mama yangu hali nyama kabla ya kujua nani kachinja, na mimi sikutaka maswali hayo mezani. Niliagiza beyaynetu, sinia la mboga za kila aina. Waorthodoksi wa Ethiopia hufunga Jumatano, Ijumaa na Kwaresima nzima, na wakifunga hawagusi nyama, maziwa wala mayai. Watu wanaofunga hivyo hawawezi kukosa kujua kupika mboga! Tuliletewa adesi nyekundu zilizokolea berbere, yaani viungo vyao vya pilipili, shiro ya unga wa dengu ikichemka bado, kabichi kwa karoti na sukuma, vyote vimepangwa juu ya injera moja pana, mkate wao laini wa kuchovya.

Mama alinyanyua ukingo wa injera, akayatazama matundu yake, akanusa. "Mbona imechacha?"

Nikamwambia imechachushwa kusudi. Unga wa teff, nafaka yao ndogo ndogo, hukorogwa na maji, ukaachwa siku kadhaa mpaka uumuke, kisha ukamiminwa kwenye kikaango kipana na kuiva upande mmoja tu, haugeuzwi. Mama amepika mkate wa kumimina maisha yake yote. Alinielewa kabla sijamaliza. Akakata kipande, akachota shiro, akarudia. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kufundishwa. Sisi watu wa pwani tunakula wanne sinia moja harusini, kila mtu na upande wake. Mhudumu alipotuonyesha gursha, yaani kumfungia mwenzio tonge na kumtia kinywani, binti yangu mdogo alimlisha bibi yake tonge kubwa mpaka mchuzi ukamtiririka kidevuni. Mama alicheka kicheko ambacho sikukisikia tangu tumzike baba.

Wifi yangu aliitisha uma na sahani yake peke yake. Ni haki yake. Lakini usiku aliandika kwenye kundi la familia kwamba nimemlisha mama unga uliooza, na watu wakacheka. Neno lile linaniuma bado, kwa sababu aliyekula alishiba na akashukuru.

Ndugu zangu, tuache kudharau vyakula vya jirani. Mji wa Moyale umekaa nusu kwetu nusu Ethiopia, na Wahabeshi wanaishi nasi hapa Nairobi tangu zamani. Tutasifia piza mpaka lini, na injera hatujaionja? Mzazi akikunja uso tonge la kwanza, usimwombe radhi wala usikimbilie kumwagizia chipsi. Mwache ale la pili, la tatu. Uchachu unataka mchuzi.

Na msiondoke bila kahawa. Itakaangwa pale pale, moshi wake mtapitishiwa muunuse, kisha itachemshwa kwenye jebena, birika lao la udongo, na kumiminwa mara tatu, kila awamu nyepesi kuliko iliyopita. Haiharakishwi, kwa hiyo dada, usipange safari nyingine mchana huo. Weka nafasi mapema, sema mnataka meza ya kula pamoja, na uwaambie wakwe kabla hawajatoka nyumbani kwamba watakula kwa mkono.